Gari Linagonga Mbele: Namna ya Kupima na Kubadilisha Boljointi

Gari linapoanza kugonga mbele kila linapoingia kwenye shimo, neno la kwanza kutoka kwa fundi mara nyingi huwa boljointi, na neno la pili huwa bei. Huenda fundi yuko sahihi. Hata hivyo, mbele ya gari kuna viungo vingi vinavyogonga kwa sauti zinazokaribiana, na boljointi ina tabia moja inayowapoteza hata mafundi wazoefu: ikiwa imebanwa na springi au na uzito wa gari, huonekana nzima kabisa ilhali ndani imeshalika. Mahali unapoweka jeki ndipo panapoamua kama utauona ubovu au hutauona, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu upimaji kuliko ufungaji, ambao kwa kweli si mgumu.

Kiungo chenyewe na namna kinavyokufa

Boljointi huunganisha wishboni, yaani ule mkono wa chini uliofungwa kwenye gari kwa bushi za mpira, na nyumba ya beringi inayobeba gurudumu. Ndani yake kuna tufe la chuma lililokaa kwenye kikombe chenye kitako cha plastiki ngumu. Kutoka kwenye tufe hilo hutokeza shina linalopungua unene kadiri linavyoelekea mwisho, nalo hukazwa kwa nati ndani ya tundu lenye umbo hilohilo. Muundo huo huliwezesha gurudumu kupanda na kushuka huku likigeuka kushoto na kulia. Grisi iliyowekwa kiwandani ndiyo hulainisha tufe, na mpira wa vumbi unaofunika shingo ya shina ndio huilinda grisi hiyo, kwani magari mengi madogo ya siku hizi hayana mahali pa kuiongezea.

Mpira huo ukichanika, vumbi huingia na kuchanganyika na grisi hadi mchanganyiko ule ukawa kama msasa, kisha maji ya mvua huosha kilichobaki na kutu hushika tufe. Kitako cha plastiki huliwa kidogo kidogo, nafasi hupatikana kati ya tufe na kikombe, na hapo ndipo mlio huanza. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yameshatembea miaka kadhaa huko Japani, na mpira wa vumbi unaoonekana mzima kwa mbali huweza kuwa na nyufa nyembamba kwenye mikunjo yake, nyufa ambazo huonekana tu ukiukunjua kwa kidole na kuumulika kwa tochi. Jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani ni mashine za presha za kuoshea magari: mkuki wa maji ukielekezwa karibu na shingo ya boljointi, maji hupita chini ya ukingo wa mpira hata kama mpira wenyewe haujachanika.

Dalili, na vitu vingine vinavyotoa dalili hizohizo

Dalili inayojulikana zaidi ni kugonga kwa sauti nzito na fupi, hasa gari likitembea polepole kwenye barabara mbovu au gurudumu moja likidumbukia shimoni. Kabla ya kuilaumu boljointi, endesha gari kwenye kipande cha barabara unachokifahamu na usikilize mlio unatokea wakati gani hasa.

Mlio ukiwa mwepesi, wa kutikatika mfululizo unapopita kwenye zile rasta ndogo zilizopangwa kabla ya tuta, na ukapungua pale magurudumu yote mawili ya mbele yanapopanda tuta kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni linki ya stabilaiza, yaani kijiti kinachounganisha upande wa gurudumu na fimbo ya stabilaiza, ile inayopunguza gari kulala kwenye kona. Sababu ni kwamba fimbo ya stabilaiza hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki. Yakipanda pamoja, fimbo huzunguka tu na linki haibebi mzigo wa maana. Linki ni spea ya bei ndogo na hufunguliwa kwa nati mbili, kwa hiyo inafaa kuitoa pande zote mbili na kuendesha gari polepole kwa mwendo mfupi. Mlio ukipotea, umepata jibu bila kununua chochote.

Mlio ukitoweka unapogusa breki kidogo wakati gari bado linatikisika, angalia pini za kalipa, ile inayobana pedi za breki kwenye diski, na namna pedi zilivyokaa. Mlio wa kubofyabofya unaosikika pale tu unapokata kona kali huku umekanyaga mafuta hutoka kwenye siivii jointi, kiungo cha shafti inayolizungusha gurudumu. Sauti ya springi kurukaruka, tena ikisikika unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, humaanisha kitako cha juu cha shokapu au beringi yake imekwama. Kishindo kimoja kinachotokea unaposhika breki au unapoondoka, bila kujali kama barabara ni nzuri au mbaya, hutokana zaidi na bushi za wishboni. Na kugonga unakokuhisi mikononi, kwenye usukani wenyewe, kuliko unavyokusikia kwa masikio, kunaelekea kwenye tairodi, ile fimbo inayolisukuma gurudumu ligeuke, au kwenye raki ya stelingi inayoisogeza fimbo hiyo.

Boljointi ina dalili yake nyingine ambayo haiigizwi na vitu vingi, nayo ni mkwaruzo mkavu, kama wa bawaba isiyo na mafuta, unaposogeza usukani polepole gari likiwa limesimama. Hii ni dalili ya boljointi iliyokauka, ambayo huenda bado haijaanza kucheza. Mwombe mtu azungushe usukani taratibu, kushoto na kulia, nawe uweke ncha za vidole kwenye wishboni karibu na boljointi, kisha kwenye springi, kisha kwenye tairodi. Kiungo kikavu hutetemeka chini ya vidole wakati wa mkwaruzo, na vidole havidanganywi na mwangwi kama yanavyodanganywa masikio.

Boljointi iliyokauka sana huweza pia kukaza, na hapo dereva hulalamika kwamba usukani ni mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Wengi hukimbilia pampu ya pawa stelingi au upepo wa matairi, jambo ambalo si kosa kwa kuanzia, lakini vyote hivyo vikiwa sawa, tenganisha tairodi na nyumba ya beringi kisha ujaribu kuligeuza gurudumu kwa mkono. Linapaswa kugeuka kwa ulaini ule ule kutoka mwisho hadi mwisho. Likikwama sehemu fulani, ubovu uko kwenye boljointi au kwenye beringi ya juu ya shokapu, na wala si kwenye raki.

Dalili za gari kuyumba kwenye lami iliyonyooka, kuvuta upande mmoja na kula tairi upande wa ndani au wa nje ni za kweli, lakini ni dalili dhaifu kwa uchunguzi wa boljointi, kwa kuwa chanzo chake huweza kuwa karibu kitu chochote kilichoko mbele ya gari. Zichukue kama sababu ya kupima, usizichukue kama jibu. Mtetemo wa usukani kwenye mwendo mkubwa uko mbali zaidi na boljointi. Anza na balansi ya magurudumu.

Jeki iwekwe wapi

Magari mengi madogo yanayotumika katika barabara zetu, Corolla, Noah, RAV4, Demio, X-Trail na ndugu zao, yana shokapu iliyobeba springi juu yake na kukazwa moja kwa moja kwenye nyumba ya beringi. Uzito wa gari hapo hupita kwenye springi, ukashuka kwenye shokapu hadi kwenye gurudumu, bila kupitia boljointi. Kwa magari haya, jeki huwekwa kwenye bodi au kwenye fremu ndogo ya mbele, mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, na magurudumu huachwa yaning'inie. Ni bora kuinua magurudumu yote mawili ya mbele na kuliacha gari kwenye stendi mbili, kwa sababu ukiinua upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza hujipinda na kuivuta wishboni, na mvuto huo unatosha kuficha ulegevu mdogo. Kosa linalofanyika sana ni kuweka jeki chini ya wishboni ya gari la aina hii. Jeki ikisukuma wishboni juu, tufe hubanwa ndani ya kikombe, na hata boljointi iliyokufa hukaa kimya kabisa.

Kwa magari ya aina ya Prado, Hilux Surf na pikapu nyingi, mambo ni kinyume chake. Hapa kuna wishboni mbili, ya juu na ya chini, na springi, au fimbo ya kujipinda inayofanya kazi ya springi, hutegemea wishboni ya chini. Ukiinua gari kwa chasisi na kuliacha gurudumu lining'inie, springi huisukuma wishboni chini kwa nguvu zake zote, kiungo hubanwa upande mmoja, na hakuna mkono wa binadamu utakaokitikisa. Kwa magari haya jeki lazima ikae chini ya wishboni ya chini, karibu kabisa na boljointi, ipandishwe hadi tairi liachane na ardhi kwa nafasi ya kupitisha mtaimbo. Chasisi nayo iwekewe stendi kwa usalama.

Katika kundi hili kuna muundo unaostahili tahadhari ya pekee. Kwenye Surf na Prado za miaka ya 1990, kikombe cha boljointi ya chini kimefungwa kwa bolti chini ya nyumba ya beringi, na shina lake linaelekea chini kwenye wishboni. Springi inaisukuma wishboni chini wakati ardhi inaisukuma nyumba ya beringi juu, kwa hiyo uzito wa gari hulivuta tufe litoke kwenye kikombe saa zote. Boljointi ya namna hii ikilika vya kutosha hutengana ghafla, na gurudumu hujikunja chini ya tao la matairi. Mwaka 2005 Toyota iliyaita tena zaidi ya magari 700,000 huko Marekani, ya aina za Tacoma, Tundra, Sequoia na 4Runner, kwa sababu baadhi ya boljointi za chini huenda zilikwaruzwa wakati wa kutengenezwa kiwandani. 4Runner iliyohusika ndiyo Surf tunayoijua huku, kwa jina jingine. Mwenye gari la muundo huu hana sababu ya kusubiri mlio; apime kila gari linapoingia gereji kubadilishwa oili.

Kupima

Kabla ya jambo lolote, gari lisimame mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na kabari zikae mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Matofali ya saruji nayo si mbadala wa stendi, kwa maana hupasuka bila kutoa ishara.

Anza kwa kushika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulivuta upande mmoja na kulisukuma upande mwingine. Likicheza, usiseme chochote kwanza. Mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu, kisha tikisa tena. Breki hushikanisha diski na nyumba ya beringi, kwa hiyo ulegevu ukipotea, ubovu uko kwenye beringi ya gurudumu. Ulegevu ukibaki vilevile, uko kwenye boljointi, kwenye bushi za wishboni au kwenye shokapu yenyewe. Shika tena tairi kushoto na kulia: likicheza upande huu na upande wa juu na chini likatulia, angalia tairodi na raki.

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha mtaimbo. Upitishe chini ya tairi, uinue taratibu kisha uachie, huku msaidizi akiikodolea macho boljointi kwa tochi. Kinachotafutwa ni nyumba ya beringi kupanda wakati wishboni imebaki ilipo. Vikipanda pamoja, umeinua mfumo mzima na hujapima kitu. Kwenye magari yenye nafasi, unaweza kuingiza ncha ya mtaimbo kati ya wishboni na nyumba ya beringi, lakini jihadhari usiutoboe mpira wa vumbi ambao ulikuwa mzima. Weka kidole kwenye mpaka wa viungo viwili. Msogeo ambao jicho limeukosa, kidole huusikia.

Je, ulegevu kiasi gani unakubalika? Kitabu cha matengenezo cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho, na mtu aliye makini hupima kwa saa ya kupimia msogeo. Kwa magari yenye shokapu iliyobeba springi, msimamo wangu ni kwamba ulegevu wowote wa juu na chini unaoonekana kwa macho unatosha kuihukumu boljointi, kwa kuwa kwenye magari hayo kiungo hicho hakibebi uzito na hakuna sababu ya kuwa na nafasi. Kwa Prado na pikapu, ambako baadhi ya watengenezaji huruhusu msogeo mdogo, hapo usikisie. Tafuta kipimo cha gari lako.

Mpira wa vumbi uliochanika wakati kiungo hakijaanza kucheza ni kesi inayojadilika. Ikiwa mchaniko ni mpya na grisi iliyotoka bado ni safi, mpira unaweza kubadilishwa peke yake baada ya kusafisha na kuweka grisi mpya. Grisi ikiwa na mchanga au rangi ya kutu, fedha ya mpira huo ni afadhali ijumlishwe kwenye boljointi mpya.

Dukani

Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na namba ya chasisi na, ikiwezekana, boljointi ya zamani mkononi, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na boljointi zenye shina la unene tofauti. Linganisha unene wa shina, urefu wake, nyuzi za nati na nafasi ya matundu ya bolti. Kisha shika shina kwa vidole na ulizungushe. Boljointi mpya nzuri hugoma kidogo, husogea kwa ulaini na hukaa pale ulipoiacha. Ile inayoning'inia ovyo ikiwa bado kwenye boksi haifai kufungwa, hata kama boksi lina maandishi mazuri. Bidhaa za 555 kutoka Japani na CTR kutoka Korea Kusini zina jina kwa mafundi wengi, lakini kipimo cha vidole ni kilekile kwa zote.

Kuhusu boljointi zilizofunguliwa, zikajazwa plastiki mpya na kufungwa tena, au zile zilizochomelewa kuzunguka kikombe ili zibane, sina maneno mengi. Joto la kuchomelea huharibu kitako cha plastiki na kubadilisha ugumu wa chuma, na kiungo hiki ndicho kinacholishika gurudumu.

Kubadilisha: mfano wa Corolla

Kwenye Corolla nyingi boljointi imefungwa kwenye wishboni kwa bolti moja na nati mbili, na shina lake linapanda juu kuingia kwenye nyumba ya beringi. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi na utoe gurudumu. Safisha eneo lote kwa brashi ya waya, upulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye nyuzi zote, uyaache yafanye kazi wakati unaandaa vifaa vingine.

Ugumu wa gari hili ni nafasi. Nati ya shina iko juu ya sikio la nyumba ya beringi, yaani ile sehemu yake yenye tundu la shina, na siivii jointi imekaa karibu juu yake. Toa kotapini, ile pini ndogo inayozuia nati isilegee, kisha legeza nati, na usiitoe yote. Iache ishike nyuzi chache. Ina kazi mbili: hulinda nyuzi, na huzuia viungo visiruke kwa kishindo pale shina linapoachia. Wakati mwingine nati hugota kwenye siivii kabla haijatoka. Usiilazimishe. Fungua zile nati mbili na bolti za chini kwanza, bonyeza wishboni chini kwa mtaimbo mrefu, kisha uivute nyumba ya beringi nje kidogo ili kupata nafasi, au utoe nati kubwa ya shafti na kuirudisha shafti ndani. Ukiivuta nyumba ya beringi, shikilia shafti isivutwe nayo, kwa maana kiungo chake cha upande wa giaboksi huweza kuachana ndani ya mpira wake, na hapo kazi ya mchana mmoja hugeuka kuwa nyingine. Bomba la breki na waya wa sensa ya ABS visibebe uzito wowote.

Shina hutolewa kwa pula, kifaa cha kulisukuma litoke kwenye tundu lake. Uma wa kupigilia ni wa haraka, lakini huukata mpira wa vumbi, kwa hiyo utumike tu kwa boljointi inayokwenda kutupwa. Asiye na pula anaweza kukaza nguvu kati ya wishboni na nyumba ya beringi kwa mtaimbo, kisha akapiga ubavu wa sikio la nyumba ya beringi kwa nyundo nzito, mapigo makavu machache. Mshtuko huo hulipanua tundu kwa muda mfupi mno na shina huachia. Kupiga ncha ya shina moja kwa moja hakusaidii. Hutanua nyuzi na kulikaza zaidi. Moto nao uachwe kabisa, kwani uko karibu na mpira, grisi ya beringi na bomba la breki.

Kabla ya kufunga mpya, safisha tundu la nyumba ya beringi kwa kitambaa hadi liwe kavu. Shina na tundu vikutane chuma kwa chuma, bila grisi, kwa sababu kinachoshikilia ni msuguano wa miteremko hiyo miwili. Pitisha kidole ndani ya tundu: likiwa na ngazi au limekuwa la duara la yai kwa sababu boljointi ya zamani ilitembea ikiwa imelegea, hakuna boljointi mpya itakayodumu humo, na nyumba ya beringi ndiyo inayotakiwa kubadilishwa.

Ingiza shina, funga nati na bolti za wishboni, kisha kaza vyote kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu. Shina likizunguka pamoja na nati, weka jeki chini ya boljointi na uinue kidogo ili miteremko ishikane. Baada ya kufikia kipimo, tundu la kotapini likiwa halijalingana na mkato wa nati, ongeza kukaza hadi lilingane. Kwa Toyota ruhusa hiyo ni hadi nyuzi 60 za mzunguko. Usilegeze nati kurudi nyuma kutafuta tundu. Kotapini iwe mpya kila mara, na nati zenye kufuli la plastiki zisirudiwe.

Iwapo wishboni nzima imetolewa, bolti za bushi zishikizwe tu wakati gari limeinuliwa, na zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi ya mpira ikikazwa gurudumu likining'inia, hubaki imejipinda muda wote gari linapotembea na hupasuka mapema.

Magari yasiyofuata mfano huo

Katika magari mengine, Demio ikiwa mojawapo, boljointi imesukumwa kwa presi ndani ya wishboni na mtengenezaji anauza mkono mzima. Maduka huuza boljointi peke yake, na inaweza kufungwa vizuri ikiwa gereji ina presi na tundu la wishboni halijapanuka. Ikiingia kwa kusukumwa na kidole, au fundi akipendekeza kupiga vidoti vya kuchomelea ili isitoke, nunua wishboni nzima. Bei inapanda, lakini bushi mpya zimo humohumo.

Subaru Forester na Impreza zina shina la duara lililobanwa ndani ya nyumba ya beringi kwa bolti ya pembeni, na upande wa wishboni ndio wenye nati na kotapini. Kutu likishika, upande wa juu hugoma sana. Toa bolti ya kubana nje kabisa, kwa sababu hupita kwenye mkato wa shina, kisha tanua mwanya kwa patasi taratibu. Ukitanua kupita kiasi, sikio hupasuka.

Boljointi mpya imefungwa na gari bado linagonga

Mlio uleule, mahali palepale, humaanisha kwamba kilichobadilishwa hakikuwa kibovu, au si hicho peke yake. Rudi kwenye sehemu ya dalili na uanze na linki za stabilaiza. Mlio mpya, ambao haukuwepo kabla ya kazi, huhitaji gari lisimamishwe mara moja: angalia kama nati ya shina imekazwa hadi kipimo, kama bolti za wishboni zimekaa, na kama nati za gurudumu zilikazwa gari lilipokuwa chini. Usukani ukiwa mzito kidogo siku za kwanza si ajabu kwa boljointi iliyobana. Uking'ang'ania upande mmoja na kutorudi, angalia kama mpira wa vumbi umejikunja au kama spea iliyofungwa ni ya upande mwingine.

Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, peleka gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu. Inapaswa kufanyika hata usipoona tofauti, na ifanyike baada ya viungo kubadilishwa. Alaimenti iliyopigwa juu ya boljointi inayocheza hupima pembe ya gurudumu pale lilipoegemea wakati ule tu, na vipimo hivyo huhama gari linapotoka mlangoni, kwa hiyo kituo kinachokubali kupiga alaimenti bila kwanza kutikisa magurudumu hakikustahili kulipwa. Baada ya siku chache za kuendesha, inua tena gari, angalia kotapini, gusa nati zote kwa spana, na utazame kama grisi inachuruzika kwenye ukingo wa mpira mpya.